Usimwite Baba

Ukata, Mbinga
Juni 1974

Mpendwa mdogo wangu Othmar,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Natumaini ziwa limewaacha salama, wewe, Tadea na watoto. Huku juu uhai tunao, amani hatuna. Nivumilie nieleze taratibu, unanijua.

Mtu akipotea mlimani, wengi hukosea kwa kudhani kwamba kumwita kwa nguvu ni kumsaidia. Kikundi chetu cha kujitolea kimekosea hivyo, na aliyepotea ni Baba.

Kikundi unakifahamu. Ukungu ukimmeza mtu, mbiu hupigwa, wanaume huacha majembe na kushika kamba na machela ya mianzi. Malipo yao ni kibuyu cha togwa ya kunywa. Hujipanga mstari ubavuni mwa mlima, wakiita jina ili aliyeumia ajibu. Ndivyo walivyomtoa Pankras korongoni mwaka jana, mguu umevunjika.

Jumapili dada yetu Walburga alirudi kutoka misani akakuta kitanda cha Baba kitupu. Tangu tuhamie kijiji kipya, Baba alikuwa akisema anataka kuziona ngolo zake, yale mashimo ya shamba aliyoyaacha ng'ambo ya mlima. Tulikwenda huko kwanza. Tukakuta majivu yenye joto, yamefukiwa kwa udongo. Kiongozi wetu Urban alishangilia kwamba mzee yu hai. Tukajipanga, tukaita hadi makoo yakakauka. Kesho yake tukakuta moto mwingine, mbali zaidi, nao umefukiwa.

Getrude, mke wa Urban, alimtania mumewe kwamba anamtafuta mzee kama anayefukuza nguruwe kwenye mahindi. Watu wakacheka. Urban hakucheka. Aliketi juu ya jiwe, akanishika mkono, akaniambia kwamba hatumtafuti Baba, tunamwinda.

Othmar, siku ya kuhamishwa wewe hukuwapo. Wanaume hawa hawa walitumwa na serikali kuwatoa watu mashambani, kwa mstari huu huu na mbiu hii hii. Baba alijificha kwenye mahindi. Urban ndiye aliyeezua paa lake, huku akimwita kwa jina atoke. Sasa anasikia sauti zile zile. Kila tukimwita, anazima moto wake na kushuka tena.

Asubuhi hii Bartholomayo wa kikundi ameona moshi upande wa ziwa, karibu na njia ya wachuuzi wa samaki. Baba anakuja kwako. Wiki iliyopita alimwambia Walburga kwamba kwa Othmar hakuna atakayemfukuza. Lakini chakula hana, na blanketi lake tumelikuta limenasa kwenye miiba. Baridi hii unaijua. Nimewarudisha watu wote nyumbani, na sijui kama nimemwokoa au nimemwacha afe. Akijificha mara moja zaidi, hataweza kuinuka.

Walburga hali chakula. Ameketi mlangoni na koti la Baba mapajani. Anakusalimu kwa machozi. Msalimu Tadea, na watoto wasali. Placidi anayekuletea barua hii ameteremka kwa miguu. Mpe uji apumzike.

Ni mimi kaka yako,
Mansuetus

Leo hii panda peke yako hadi kwenye ule mwamba wapumzikapo wachuuzi, washa moto, oka samaki, na usimwite.