Miguu ya Tausi

Isfahan, 10 Dhulhija

Mwanangu Kiumars,

Salamu, na pole na makelele ya Tehran. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua, na mimi kikohozi hakijaniacha. Wewe u mzima?

Yule tausi wa shaba wa alamu, ile nguzo ya msafara wa Muharram wa mtaa wetu, niliyekutumia atengenezwe huko, alifika jana kwa basi. Ufa wa mkia umezibwa vizuri kweli. Haji Rahmatollah, mkuu wa huseiniya, ukumbi wetu wa maombolezo, alimtazama akasema, "Mwanao katuokoa." Nikaitikia.

Lakini mwanangu, miguu ina maua. Fundi aliyemchonga tausi wetu miaka mia tatu iliyopita aliiacha miguu mitupu, maana tausi huringia mkia, akitazama miguu yake huona haya. Ndivyo tulivyofunzwa sote karakanani kwetu, wewe pia. Huyu uliyeniletea ni nani? Muharram imebaki wiki tatu, na mtunza alamu ni mimi.

Baba yako

Tehran, 16 Dhulhija

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa. Mwambie mama akande goti kwa maji ya moto.

Ama wewe baba! Hayo ndiyo macho ya miaka sabini. Maua yalikuwepo, yamefunikwa na uchafu. Fundi wangu kasugua, yakatokea. Badala ya asante naletewa mashtaka! Mpandishe juu ya alamu, watu wafurahi.

Mwanao

Isfahan, 20 Dhulhija

Kiumars,

Salamu. Leo sina habari za goti.

Nimemfungua tausi tumboni. Ndani kuna mabaki ya lami, ile tunayojazia chombo kisibonyee tukikichonga. Bado inanuka, inanata kidoleni. Lami ya miaka mia tatu hiyo? Nimeishi na lami miaka hamsini, usinifanye mtoto. Sema kweli, yoyote ile, lakini niisikie kwako.

Baba yako

Tehran, 25 Dhulhija

Baba,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimepungua. Mimi silali.

Nimemuuza. Alikuja dukani kwangu mteja kutoka nchi za nje, akamshika tausi, akaniita mtaalamu mbele ya wenye maduka wote wanaonicheka kwa lafudhi yangu ya Isfahan. Nikajiona mtu, baba. Yule mteja kaondoka naye, na anwani yake sina. Huyo niliyekuletea nilimchongesha huku.

Nakuomba kwa jina la Mungu, nyamaza. Juu ya alamu, katikati ya manyoya ya mapambo, nani atatazama miguu? Wakijua, nitaitwa mwizi wa Imamu Husein mpaka naingia kaburini.

Mwanao

Isfahan, 13 Muharram

Mwanangu,

Salamu. Afya ipo.

Siku ya tisa vijana walikuja kuchukua alamu. Nilishindwa kumpandisha yule wa uongo mbele ya Imamu Husein, na nilishindwa kukutaja. Nikasema huyu ni wa bandia, wa kweli nimemuuza mimi. Haji aliniuliza mara tatu, "Wewe, Fundi Nosrat?" Mara tatu nikasema mimi.

Wameninyang'anya ufunguo wa chumba cha alamu, ule wa baba yangu na babu yangu. Siku ya Ashura alamu imepita, tundu la tausi likiwa wazi, nami nimesimama nyuma ya watu. Jana mama yako alikwenda kununua mkate, wanawake wakanyamaza mpaka alipotoka. Karakanani haingii mtu.

Baba yako

Tehran, 4 Safar

Baba yangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako wiki mbili nzima, aibu imenila.

Humu ndani kuna barua ya kumpa Haji. Nimeandika kila kitu, na jina langu nimelitia. Mpe aisome mbele ya watu wote. Siku ya Arubaini ya Imamu nakuja mwenyewe kusimama huseiniya. Waniite wanavyotaka.

Mwanao

Isfahan, 11 Safar

Mwanangu Kiumars,

Salamu nyingi za baba yako.

Barua uliyomwandikia Haji nimeisoma mara mbili. Umeandika kiume, na nimefurahi, sikufichi. Kisha nimeitia kwenye jiko ninaloyeyushia lami. Usinikasirikie. Mzee mwizi ana miaka miwili mitatu ya kutazamwa vibaya, halafu anakufa, watu wanasahau. Wewe ungetazamwa hivyo miaka arobaini.

Mama yako hasomi, barua zako namsomea ninavyotaka mimi. Anaamini ni mimi niliyemuuza tausi. Tangu Ashura ananiwekea chai bila kunitazama. Hilo ndilo linaloniuma, mengine nimeyazoea.

Usije Arubaini, wala siku nyingine yoyote nikiwa hai. Si hasira, Mungu ni shahidi. Najijua: ukiingia tu mlangoni nitakukumbatia, nitalia kama mtoto, na mama yako atatutazama na kuelewa pale pale.

Baba yako