Bibi wa Mkaa Ukutani

Muthoni, rafiki yangu wa Nairobi,

Sasa hivi binti yangu Tumaini ametoka jikoni na kipande cha mkaa, akamchora bibi yake ukutani. Tena ni ukuta wa mbele, ule ambao mama mkwe ameupaka chokaa kwa mikono yake siku mbili nzima, maana Jumapili wanakuja wageni wa posa ya wifi yangu. Mama mkwe mwenyewe yuko njiani anarudi kutoka mnadani. Nilibeba ndoo na tambara nifute haraka. Nikatazama kilemba kile, mdomo ule ulivyobanwa, ni yeye kabisa! Nikakukumbuka wewe. Ndoo nimeiweka chini, naandika.

Unaikumbuka Alhamisi ile huko Nairobi? Mimi dada wa kazi kutoka kijijini Issuna, huku Tanzania, wewe mfagiaji wa jumba la maonyesho ya picha za kuchora, lakini kila picha uliijua na aliyeichora ulimjua kama mtoto wa jirani. Ulinipitisha mlango wa mbele. "Leo sishiki ufagio," ukasema. "Leo mimi pia ni mgeni."

Nikafika kwa yule mama mzee aliyekaa na ungo wa maharage, ananitazama. Magoti yakajikunja yenyewe. "Shikamoo, mama."

Askari wa mlangoni alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Mtanzania anasalimia ukuta!"

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Wewe ukasimama kando ya picha ukaniitikia kwa niaba yake, "Marahaba, mwanangu." Halafu ukamgeukia askari: "Na wewe, miaka mitatu unamlinda huyu mama, ushawahi kumuuliza hata ameamkaje?"

Kisha ukanionyesha mkono wake wa kushoto, haukumaliziwa. Ukaniambia mchoraji alikuwa anamchora mama yake mzazi, na mama huyo katikati ya kazi akainuka kwenda kuangalia chungu jikoni, akagoma kukaa tena. Tulicheka sana.

Siku ile nilikuwa na mimba ya Tumaini, hata wewe sikukuambia. Darasa la nne nilichapwa kwa kuchora ng'ombe kwenye daftari la hesabu, na tangu hapo sikuchora tena. Mbele ya picha ile nikasema moyoni, huyu wa tumboni akichora sitamfutia. Leo nimeshika tambara! Lakini hapa tunakaa kwa mama mkwe, Muthoni. Akitukasirikia, niende wapi na mtoto?

Amefika. Nasikia ndala zake uwanjani. Tumaini hajamwona, ameupa mgongo uwanja, anaupigia mchoro wake goti kama nilivyomfundisha kwa wakubwa: "Shikamoo, bibi."

Ndala zimesimama nyuma yake. 

"Marahaba, mjukuu wangu."

Muthoni, ameitikia! Sasa ananiita: "Mama Tumaini! Hebu njoo hapa! Wageni wanakuja, mbona mwanao kaninyima hereni?"

Nakwenda, rafiki yangu. Mkaa uko wapi tena? Nikirudi nitakueleza alivyo...