Jumanne Mageuko, Alhamisi Mbunifu

Senge Rispah mpendwa, shangazi wetu wa ushauri kule Bungoma,

Pokea salamu kutoka Kitale, na tafadhali usinicheke kabla sijamaliza, maana hapa shuleni nimechekwa vya kutosha. Mimi ni mwalimu wa Bayolojia katika shule ya kanisa, niliajiriwa na bodi wala si serikali, na mwenyekiti wa bodi ni Askofu Wakhungu, mtu mzuri sana, mkulima wa mahindi kule Moi's Bridge, ambaye muhula uliopita alirudi kutoka semina na kijitabu kinachosema kwamba viumbe havikubadilika polepole kwa miaka mingi kama silabasi inavyosema, bali kuna Mbunifu Mwerevu aliyevipanga vyote jinsi vilivyo, na kwamba ili haki itendeke watoto wafundishwe pande zote mbili. Nilidhani ataleta mwalimu wa upande wake, kumbe mwalimu huyo ni mimi.

Basi Senge, Jumanne navaa koti jeupe la maabara nafundisha mageuko, Alhamisi nalivua, navaa tai, nafundisha kwamba yale ya Jumanne yana mashaka, tena kwa sauti ileile na chaki ileile, na Kidato cha Nne wamezoea, nikiingia tu wanaangalia shingo yangu kwanza ndipo wajue wafungue daftari gani. Siku moja Jelagat, msichana anayetaka kusomea magonjwa ya mimea, akainua mkono. "Na wewe mwenyewe mwalimu, unaamini gani?" Nikamjibu, "Inategemea ni siku gani." Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao, nikajiona mjanja.

Kwenye mtihani wa majaribio niliuliza kwa nini dawa iliyokuwa ikiua viwavi jeshi katika shamba la shule siku hizi haiwaui. Darasa karibu lote liliandika kwamba Mbunifu amewapa viwavi kinga, ila Jelagat aliandika kwamba wachache waliokuwa sugu walibaki, wakazaana, na watoto wao wakarithi usugu huo, jibu ambalo mimi mwenyewe nisingeliandika vizuri zaidi. Lakini Senge, karatasi hizo zilikuwa zinaenda kusomwa na Askofu mbele ya bodi, mkataba wangu unaisha Desemba, mke wangu Phelista ni mjamzito, na mkono huuhuu ninaokuandikia nao ukawapa wale wa Mbunifu alama nne na Jelagat sufuri.

Akaja ofisi ya walimu na karatasi yake. "Mwalimu, hapa nimekosa wapi?" Nikamwambia, "Swali lilikuwa la Alhamisi." Hakulia. Aliniangalia akasema, "Sawa mwalimu, lakini si utuambie mtihani wa taifa ni wa siku gani, ndio nijipange?" Tangu hapo hainui mkono tena, na nasikia amemwambia mamake Bayolojia imemshinda, ataomba kozi nyingine chuoni. Mimi ni Mkristo, naongoza kwaya, simpingi Mungu. Nifanye nini nisimkosee mtu yeyote?

Mwalimu wa Koti na Tai, Kitale

*

Mwalimu wa Koti na Tai,

Ati usimkosee mtu yeyote! Umeshamkosea mmoja, na ndiye pekee darasani aliyekuwa akikusikiliza. Pole kwa hofu ya mkataba na pole kwa Phelista. Hilo silichezei, niliolewa na mwalimu wa bodi na najua Desemba inavyoingia nyumbani. Lakini hongera pia. Walimu wengi hushindwa na somo moja, wewe unafundisha mawili yanayokanushana na hutoki hata jasho.

Hebu nikuulize. Katika hiyo haki ya pande zote mbili, mwalimu wa CRE, yule wa somo la dini, ameombwa naye avae koti lako jeupe, afundishe mageuko mara tu akimaliza kitabu cha Mwanzo? Hajaombwa? Ana silabasi yake na anaachwa kwa amani? Ajabu bana. Basi Mbunifu ana kipindi chake tayari, na mtoto anayetaka kumsikia atamsikia huko.

Askofu wako simjui, ila mimi nimezaliwa Tongaren na wakulima wa mahindi nawajua. Kila mavuno mama yangu alichagua mahindi yenye mistari iliyonyooka na punje nono, akayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza jikoni juu ya moshi yawe mbegu ya mwaka ujao. Madogo tuliyala. Miaka ishirini baadaye mahindi yake hayakufanana tena na yale aliyoanza nayo, na hakuna mzee wa kanisa aliyemwita mpagani. Nenda kamsalimie mke wa Askofu jikoni, uangalie juu. Kisha umuulize Askofu mwenyewe: viwavi walipozoea dawa yake, alikaa akamsifu Mbunifu kwa ustadi, ama alikimbia dukani kununua dawa nyingine?

Mimi pia naimba, kwaya ya akina mama, na nasema bila kutetemeka kwamba Mungu ninayemwimbia hakutuma mtu amnyang'anye mtoto alama nne kwa niaba yake. Umenikasirisha, mwalimu.

Sasa sikiliza. Kesho, mbele ya darasa lilelile lililocheka, mwambie Jelagat jibu lake lilikuwa sahihi na wewe uliogopa. Sema hivyohivyo, "niliogopa," usilete maneno ya mikutano. Sahihisha karatasi zote upya, na wale wa Mbunifu uwape sufuri yao kwa upole. Afadhali waipate kwako kuliko kwenye mtihani wa taifa Novemba, kwa msahihishaji asiyeijua tai yako. Mpigie mamake Jelagat kabla fomu za chuo hazijajazwa. Halafu umchukue mwalimu mkuu na silabasi, mwende kwa bodi, muulize ni nani atatia sahihi kwamba watahiniwa wajibu kinyume cha silabasi hiyo. Utaona kalamu zinavyopotea. Huenda ukakosa mkataba, sikudanganyi, kwa hivyo anza leo kuomba kazi kwingine, na Phelista asikie haya kutoka kwako.

Tai ivae Jumapili kwenye kwaya, itakupendeza. Na Jelagat akiuliza leo ni siku gani, mwambie leo ni Bayolojia.

Senge Rispah, Bungoma