Kiu ya Tuta la Saba

Jumatatu, 2 Februari

Inatangazwa rasmi kwa umma — yaani mimi, na paka kama hajalala — kwamba leo asubuhi, baada ya maombi ya muda mrefu na unyenyekevu mwingi, mtumishi mwaminifu wa bustani ya majaribio amekabidhiwa buti mpya za mpira. Zote mbili saizi moja! Kwa zile za zamani, ya kushoto ilikuwa kubwa kuliko ya kulia, nikawa natembea kama bata aliyefiwa. Hotuba hazikutolewa. Mwenzangu wa kazi, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi, alipiga kofi moja akaendelea kusukuma toroli.

Habari nyingine ni ndogo. Fuksia zimeshika vizuri. Aina kumi na mbili, kila aina na tuta lake, namba tu bila jina ili jopo la waamuzi lisipendelee. Kibandani tunaziita hereni, kwa jinsi maua yanavyoning'inia. Vichaka vya deko kuliko bibi harusi: baridi vinakufa, jua vinazimia. Na kazi yetu sisi makatili ni kuvianika juani vyote sawasawa, maji ya mpira wa matone kwa kipimo kimoja, halafu tuone nani anabaki amesimama. Ijumaa ya tarehe 20 jopo linapita. Tuta litakaloshinda linaingia sokoni na mwenye nalo ndiye anayelichagulia jina. Yaliyoshindwa yanang'olewa na kuchomwa.

Tuta la saba ni la mke wangu.

Sijamwambia mtu. Hata kuliandika nimeangalia nyuma kwanza, kana kwamba paka anajua kusoma.

Jumatano, 4 Februari

Ajabu. Nimefika kabla ya kufungua maji na tuta la saba limelowa. Peke yake. La sita kavu, la nane kavu.

Redio kasema labda mbwa ana tuta analolipenda. Nikacheka. Lakini mbwa halowanishi tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, bila tone moja kugusa majani. Hivyo anafanya mtu anayeshika matawi kwa mkono wa kushoto na kumimina kwa wa kulia. Nimeishi na mtu wa namna hiyo miaka ishirini na mbili.

Nikaangalia mpira. Haujatoboka.

Sikumwambia bosi. Tuta likipendelewa linaondolewa kwenye majaribio, na kanuni hiyo niliiandika mimi mwenyewe ukutani, kwa herufi kubwa. Kujitakia.

Jumamosi, 7 Februari

Limelowa tena. Na jana pia.

Mimi ni mtu mzima, nina kipara na miwani ya kusomea. Lakini leo nimelisogelea lile tuta nikasema, umeamkaje. Kwa sauti ya chini, Redio asije akatangaza. Halafu nikangoja. Watu wanaosema hawaamini mambo haya ndio haohao wanaongoja jibu.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani, si mtu wa bustani. Maua niliyaleta mimi nyumbani, yale ya kutupwa. Yeye akayaweka dirisha la jikoni, akachukua kijiti cha kiberiti na pamba, akahamisha unga wa ua hili kwenda lile. Nikamtania: wataalamu wanasomea miaka, wewe unatumia kiberiti! Akasema na mimba watu hawaisomei. Hatukujaliwa mtoto, lakini utani huo aliuanza yeye, kwa hiyo tulicheka wote wawili.

Mbegu zikaota. Nyingi hazikuwa na maana. Mche mmoja ukatoa ua la rangi ya papai lililoiva, na sketi ya ndani ya zambarau. Nimezunguka na fuksia maisha yangu yote, sijaona kitu kile mahali pengine.

Ule mche wenyewe ulikauka dirishani wiki tulizokuwa hospitali. Hakuna aliyeukumbuka. Niliporudi baada ya mazishi kilikuwa kimebaki kijitawi kimoja chenye uhai, hapo ndipo nilipoanzia upya. Vyote nilivyopata viko tuta la saba. Nyumbani sina hata jani.

Jumanne, 10 Februari

Jua la leo si la kawaida. Mchana fuksia zote zilizimia. Jioni zote zikainuka, isipokuwa la saba lililoinuka nusu, kama mtu aliyeitwa akaamua kufikiri kwanza.

Nyumba yetu ya wafanyakazi imepakana na bustani, uzio wa waya tu kati. Mama mkwe alikuwa amesimama uani akiangalia. Tunaishi wote tangu mazishi. Hana kwingine, na mimi sina mwingine. Tatizo ni kwamba hasemi na mimi. Anasema na paka. Mwambie baba chakula kiko mezani. Mwambie baba shati limetoka kifungo. Paka huyu sasa ana majukumu mengi kuliko mimi.

Leo akamwambia paka: lile tuta linakufa kiu na watu wanalipita tu.

Nikamjibu paka kwamba si kiu, ni joto. Kwamba fuksia inalegea hata kama miguu yake iko majini, na anayeijua haiongezi maji, anaiacha. Paka akajilamba. Mama akaingia ndani akafunga mlango, si kwa kuubamiza. Bora angeubamiza.

Najua alichosikia.

Moyo wa mke wangu ulikuwa umechoka, maji yakawa yanajaa mapafuni. Daktari akasema kikombe kimoja kwa siku, si zaidi, na yule aliyekabidhiwa kikombe ni mimi. Nilikuwa napima. Mikono hii ina uzoefu wa kupima maji. Wiki ya mwisho hakuwa na sauti, alikuwa anaangalia kikombe, halafu ananiangalia mimi. Nikawa nalowanisha pamba nampaka midomoni, na yeye anaing'ang'ania ile pamba kwa meno. Mama alikuwa mlangoni. Aliona yote. Daktari ndiye aliyeagiza, ndiyo. Lakini yeye hakumwona daktari akimnyima. Aliniona mimi.

Kuna saa bustanini, mpira unapoanza kudondosha, tone moja moja juu ya udongo mkavu, inabidi niende kusimama upande wa pili wa kibanda.

Ijumaa, 13 Februari

La saba halikuinuka jioni. Majani ya chini yameanza kugeuka njano.

Udongo umelowa chapachapa.

Nimeacha kulisalimia. Naogopa.

Jumatatu, 16 Februari

Bosi amepita. Ni mdogo, umri wa kuwa binti yangu, ananiita mzee wangu hata anapotaka kunifokea. Akasimama tuta la saba muda mrefu. Akasema ni hasara, maana kwa rangi hakuna linalolifikia hapa, na mwezi uliopita alikuwa tayari ameshalitia moyoni. Akauliza limepatwa na nini. Nikasema mpira umevuja. Akaangalia mpira, akaniangalia mimi. Akasema basi urekebishwe, mzee wangu. Kisha akanikumbusha, kama anayetangaza hali ya hewa, kwamba mwenye aina yoyote anaweza kuiondoa kabla ya Ijumaa na kuchukua vipandikizi vyake. Akiondoa hairudi tena kwenye majaribio na jina halipati. Akiiacha ikashindwa, moto.

Sijui anajua nini. Huenda anajua.

Alipoondoka niling'oa mche mmoja wa pembeni. Mizizi kahawia, laini, inatoa harufu ya soksi zilizosahaulika. Imeoza. Umenyweshwa mpaka umezama.

Nikakaa chini palepale na buti zangu mpya. Kwa sababu nilielewa.

Hakuwa yeye. Siku zote hizi, kila asubuhi nikifika na kukuta unyevu, moyo ulikuwa unasema amekuja. Lakini mke wangu hangefanya kosa hili. Nilimfundisha mwaka wa kwanza, na baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa ananikemea: acha kulishindilia maji, halina kiu hilo, linajidekeza. Mzimu wake ungejua.

Redio akaja akanikuta. Akaokota ule mche, akautia kwenye toroli, akasukuma.

Nimezika mara mbili sasa.

Jumanne, 17 Februari

Nimeamua. Kesho alfajiri naliondoa. Ncha za juu bado ngumu kwenye miche michache; zikikatwa sasa zitaota mizizi. Jina basi. Nilitaka tu liwe lake, liandikwe kwenye vibandiko, mtu asiyemjua alisome dukani kwa sauti. Tamaa ya mzee.

Nimenoa mkasi. Nimeupitisha kwenye moto, usije ukaeneza uozo.

Jumatano, 18 Februari

Maelezo niliyompa Redio asubuhi hii ni kwamba mpira ulivuja tena na nimeuzungushia utepe wa gundi. Nimeuzungushia kweli. Utepe uko pale, umekaza vizuri, kwenye mpira mzima usio na tundu. Sasa niandike kilichotokea.

Nilitoka alfajiri na mkasi mfukoni. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Kwenye kona ya uzio waya umeinuliwa kiasi cha kupita mtu mwembamba anayejua kuinama. Mama alikuwa tuta la saba, peku, kanga kiunoni, na jagi la jikoni. Mkono wa kushoto ameshika matawi, wa kulia anamimina. Taratibu, bila tone kugusa jani. Kwake ndiko binti yake alikojifunza namna hiyo, na mimi miaka yote nilidhani ni yake mwenyewe. Wala sikuwahi kumwambia Mama tuta ni la nani; ua la rangi ya papai alilijua tangu dirisha la jikoni.

Nikakohoa asije akashtuka. Hakushtuka. Nikasema shikamoo, Mama. Akaitikia marahaba bila kugeuka.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nikachuchumaa karibu yake nikamwambia nilichojua, kwa upole, kama ninavyowaeleza wageni wa bustani.

"Mama, halina kiu. Maji yamezidi. Ndiyo yanayoliua."

Akaacha kumimina. Akaliangalia lile tuta, majani yamelala yote, maua yameshikilia kwa uzi.

"Hata yeye mlisema hana kiu," akasema.

Hakusema kwa ukali. Ndilo lililonishinda. Angenitukana ningekuwa na la kujibu, nina majibu mengi, nimeyapanga mwaka mzima: moyo, mapafu, daktari, kipimo. Yote ni kweli.

Nikamwambia kitu kingine. Kwamba alikuwa na kiu. Kwamba nilijua ana kiu, kila siku, na nilikuwa napima huku najua.

Mama akakaa kwenye ukingo wa tuta. Kisha akaninyooshea jagi. Lilikuwa na maji nusu.

Mimi ndiye niliyeandika kanuni ukutani. Mimi ndiye niliyeng'oa mche na kunusa mizizi. Hakuna mtu katika bustani hii anayejua vizuri kuliko mimi maji yale yalikuwa yanakwenda kufanya nini.

Nikalipokea. Nikashika matawi kwa mkono wa kushoto, nikamimina. Nilimimina kidogo kidogo, kama unavyomnywesha mtu, mpaka jagi likaisha. Udongo haukunywa. Maji yalisimama juu yakawa yanatuangalia.

"Basi," Mama akasema. "Ametosheka."

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la mboji, mlangoni mwa kibanda. Redio nimemtuma stoo afuate vigingi ambavyo hatuvihitaji. Jua limefika tuta la nne. Likifika la saba, kwa mizizi ile, tuta halitainuka tena jioni. Ncha nilizozihesabia bado ni ngumu, nimezigusa. Zikikatwa saa hii zitashika. Mchana zitakuwa zimelegea, na ncha iliyolegea haioti.

Mama bado amekaa pale. Ameweka kiganja juu ya udongo, anaupapasa kama kifua cha mtoto aliyelala baada ya homa. Uso wake sijauona umetulia hivi tangu tutoke makaburini.

Mkasi uko mfukoni. Sijui nitamwendea vipi, nimwambie kwamba sasa nataka kumkata binti yake.