Antena Inaelekea Mjini

Jumatatu, 11 Agosti
Tumefika kambini saa saba. Kiwanja namba 14, kivuli kizuri, ziwa hatua ishirini. Mume wangu Verlyn hakulitazama. Hata kabla gari-nyumba halijapoa alishika ule mkono wa darini wa kuinulia antena, akauzungusha mpaka antena ikasimama juu ya paa, kisha akaiambia televisheni itafute chaneli upya. Zikapatikana tatu. Ya mjini haimo. "Miti hii!" akasema, kana kwamba nimeipanda mimi yeye akiwa kazini.

Jumanne, 12 Agosti
Upepo. Saa kumi na moja na robo chaneli ya mjini ilikuja, ikakatika vipande vipande. Nikaona nusu ya uso wa Joleen na ramani ya mvua. Binti yetu. Ndiye anayetangaza hali ya hewa pale.

Baba yake hajasema naye tangu tulipomzika shemeji Orrin, miaka miwili na ushee. Siku ile vimbunga vilikuwa vinashuka, na Joleen alibaki studio akiwahimiza watu waingie vyumba vya chini ya ardhi. Verlyn anasema alithamini ng'ombe wa watu kuliko mazishi ya baba yake mdogo. Mimi nimechoka kuamua nani ana haki. Huongea na Joleen kwa simu kila Jumapili, nje, Verlyn akijifanya anafunga ndoano.

Tangu wakati huo hatujapiga kambi popote mawimbi ya kituo kile yasipofika. Eti anafuata samaki. Samaki gani! Kiangazi chote kavua wawili.

Jirani yetu Delmar alipita na kikombe chake cha kahawa. "Geuza antena kaskazini, mzee, utapata chaneli arobaini, besiboli bure."
"Sitaki arobaini."
"Unataka ngapi?"
"Nipishe, Delmar."

Jumatano, 13 Agosti
Picha safi kwa dakika nne. Joleen akatangaza kwamba Ijumaa ni siku yake ya mwisho, amepata kazi Oregon. Mimi nilijua tangu Jumapili. Sikumwambia Verlyn — niliogopa atasema ni vyema.

Alitazama matangazo ya matrekta mpaka yakaisha. "Oregon mawimbi hayafiki," akasema. Akaenda kuosha sahani, ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi, 14 Agosti
Tumehamia namba 31. Hakuna mti hata mmoja, na ni jirani na shimo la kumwagia maji machafu. Verlyn anasema pana hewa. Pana harufu!

Kuhama kwenyewe balaa. Watu wa magari haya hutundika kibanio cha nguo kwenye usukani antena ikiwa juu, wasije wakaondoka nayo. Kibanio kilikuwepo. Verlyn alikitoa, akakitia mfukoni, akawasha gari. Delmar akakimbia nyuma yetu: "Antena, mzee! Antena!" Tawi lilishaikunja. Miaka kumi na tisa amewacheka wenzake kwa kosa hili hili. Leo hakuna aliyemcheka, na iliniuma zaidi.

Ijumaa, 15 Agosti
Antena imefungwa kwa kamba na utepe wa gundi, haisimami. Saa kumi na moja kasoro robo akapanda juu ya gari. Daktari alimkataza ngazi tangu alipoumia nyonga. Nilimfokea, hakusikia, au alisikia.
"Anaonekana?"
"Anaonekana!"
"Sasa je?"
"Ukiachia anapotea!"

Basi akaishika. Nikawa napiga kelele dirishani, sentensi kwa sentensi. Kesho jua. Jumapili radi, upande wa magharibi.
"Amevaa nini?"
"Ile ya bluu."

Joleen akawaaga wenzake. Kisha akasema baba yake ndiye aliyemfundisha kusoma mawingu, wamekaa juu ya trekta, na kama anatazama — nikaisogelea televisheni nisikie.
"Kama anatazama, nini? Mama Joleen! Nini?"
"Namba yake ya simu ni ile ile!"



Sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Kipindi kimekwisha zamani, televisheni nimeizima, nimemwambia mara mbili. Nimepiga namba ya Joleen, nikapanda vipago vitatu vya ngazi, nikamnyooshea simu. Inaita. Anaitazama. Anasema hawezi kuipokea, mikono yote miwili imeshika antena.