Mwanga Chini ya Rula

Jumatatu, 3 Juni 2024
Kulasi imerudi! Bertrand, fundi wetu, ameileta kwa pikipiki, imefungwa ndani ya gunia la mchele wa Sange. Upande uliochongwa unang'aa hata nimeona kidevu changu. Bila hicho kichwa cha injini, Hiace ya marehemu mume wangu Bruno imelala uani tangu Pasaka.

Kazi ni ya mzee Nizigiyimana, mchonga vyuma wa Kavimvira. Miaka mitatu iliyopita Bruno alimrudishia kulasi nyingine mbele ya wateja, akamwita mharibu vyuma. Na walikuwa marafiki! Toka siku hiyo hawakusalimiana. Hata kwenye matanga mzee hakuonekana.

Jumanne, 4 Juni
Bertrand alitaka kufunga leo leo. Nikasema tupime kwanza — mume wangu hakufunga kitu kilichotoka atelye ya kuchonga bila kupima.
«Mama Irakoze, weye ni fundi wa nguo ao wa magari?»
Alicheka, lakini akangoja. Tulipuliza matundu ya maji: chembe za chuma zikatoka, mbili tatu, zinakwaruza kidole. Tukaosha. Kisha rula ya chuma ya Bruno, imesimamishwa kwa ukingo juu ya kulasi, tochi nyuma yake.
Mwanga! Katikati, chini ya rula, mwembamba kama uzi. Karatasi ya sigara ikapita chini. Bertrand akajipiga paja: mzee ameharibu tena, tukifunga hivi injini itachemka na kufa kabisa. Kesho anairudisha.
Nilifurahi kidogo. Naona haya kuandika. Basi Bruno alikuwa na haki.

Jumatano, 5 Juni
Nimemzuia Bertrand. Kitu kimoja kinanisumbua. Asubuhi nilisogeza rula, na mwanga ukasogea nayo! Kila mahali uko kwenye namba 24, 25, 26 za rula. Kasoro ya kulasi ingebaki mahali pake. Haitembei.
Nikafanya kama ninavyofanya na rula mpya ya kushonea. Mstari kwenye karatasi ya patroni ya nguo, nageuza rula upande wa pili, mstari wa pili kwa ukingo uleule. Mistari ikaachana katikati. Nafasi nyembamba, umbo la samaki ndagala.
Ni rula.
Bruno alikuwa anakwangulia nayo gundi ya zamani kwenye vyuma, kisha anaifuta kwenye suruali, goti la kushoto. Suruali zake zote ziliisha hapo. Ukingo nao uliliwa lini? Kabla ya ugomvi, ao baadaye? Ningependa sana kujua. Na sipendi.

Ijumaa, 7 Juni
Bertrand alimwambia mzee kwamba vipimo vinabishana. Amekuja mwenyewe, na rula yake nene ndani ya kitambaa chenye mafuta. Amepima urefu, upana, pembe kwa pembe. Hakuna mwanga. Karatasi imekataa kupita.
«Basi miye nilikutukana bure, mzee,» Bertrand akasema.
«Ulinitukana? Sikusikia. Mashine ilishakula masikio yangu.»
Tumecheka wote watatu. Kisha mzee akanigeukia, pole pole:
«Shemeji, ile rula mulipima nayo kwanza, iko wapi? Nataka kuiona.»
Shemeji! Miaka mitatu sijaitwa hivyo na yeye. Nikasema naenda kuitafuta ndani.
Hakuna cha kutafuta. Iko hapa mezani, kando ya daftari, mafuta yake yamegusa ukurasa. Mzee akiona ukingo tu, ataelewa yote, hata ile kulasi ya miaka mitatu. Ni kazi yake. Bruno hawezi tena kujitetea. Ningeweza kusema imepotea. Lakini mzee naye alitukanwa mbele ya watu, labda bila kosa — na hakuna aliyemwambia.
Nje Bertrand anauliza kama aanze kufunga. Mzee anamwambia hapana, tungojee shemeji kwanza.
Kiti kimelia — mzee anasimama. Nafunga daftari, rula iko mkononi.