Jina la Faili Lipo, Sauti ya Bibi Haipo

Ijumaa, saa tisa alasiri, mtaani Picha ya Ndege. Manyunyu tangu asubuhi, matope mpaka mlangoni mwa studio, na mimi sijamfungulia mteja hata mmoja.

Nimempoteza Bibi mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu mwenyewe.

Niandike yote, labda nitapumua. Bibi, mzaa mama, alifariki Kisarawe mwezi uliopita. Yeye na mama walikuwa hawasemezani tangu mama aolewe na baba, mtu wa kaskazini, bila ridhaa ya Bibi. Siku tano kabla hajafa nilikwenda kumwona nikiwa na kamera yangu ya kazi. Tulikuwa wawili tu chumbani. Akaniambia niwashe, akaongea dakika kumi na moja, na katika maneno yale akampa mama radhi.

Nilimhamishia hapo hapo kwenye diski Z, kwa kompyuta ya mkononi niliyokwenda nayo. Wanaonijua wanaijua diski Z, maana nimewachosha nayo. Si diski ya kushika mkononi. Faili linafungwa kwa ufunguo wako, linakatwa vipande, na vipande vinatawanywa kwenye kompyuta za watu wasiojuana, nchi mbalimbali. Wewe kwenye kompyuta yako unaiona kama diski ya kawaida tu. Nilijigamba kwamba hata studio ikiungua, Bibi yuko salama.

Niliona jina la faili kwenye Z nikadhani limeshafika. Kumbe kwanza linakaa kwenye folda ya muda humu humu kwenye kompyuta, ndipo linapakiwa taratibu mtandao ukiruhusu. Na kwa Bibi mtandao mpaka upande juu ya kichuguu. Halikupakiwa hata robo. Nami nikafuta memori kadi, kwa sababu Jumamosi nilikuwa na kazi ya kupiga picha sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, Zegereni. Jumapili kompyuta ikalalamika imejaa, nikaifanyia usafi kama kawaida yangu, mafaili yote ya muda nikayafagia. Usafi ndio sifa yangu mtaa mzima.

Leo nimefungua Z kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Jina lipo, limeandikwa vizuri: RADHI YA BIBI. Ukubwa wake ni sifuri.

Nimeiingiza kadi kwenye programu ya kufufua mafaili. Imenirudishia mashangazi wa Zegereni wakicheza na keki. Nimelia mbele ya mashangazi wa watu.

Arobaini ni Jumapili hii. Nilipomwambia mama kuna rekodi, alikataa kuisikiliza mapema. Anataka dada zake wasikie pamoja naye, wale waliomwacha akae nyuma na majirani siku ya mazishi kana kwamba marehemu hakumzaa. Kila siku ananipigia kuuliza kama spika zitatosha.

Kwa nini nisimwambie tu alichosema Bibi? Kwa sababu mimi ni mwongo.

Tangu utotoni, kila nilipotoka likizo Kisarawe, nilimletea mama salamu ambazo Bibi hakuzituma. Bibi anakukumbuka. Bibi anakuombea dua. Nilidhani nawapatanisha. Idi iliyopita mama alicheka, akaniambia, "Salamu zako tamu, mwanangu, ila mama yangu hajawahi kusema hivyo." Alikuwa anajua miaka yote hiyo. Sasa nimebeba salamu moja ya kweli, na haina tofauti na zile zangu.

Isipokuwa sehemu moja. Bibi alisema, "Mwambie Mwajuma, ile mbuzi yake ya kukunia nazi sikuichoma. Nilimdanganya kwa hasira. Iko uvunguni kwangu, aje aichukue, na radhi zangu anazo." Mimi sikujua kama mama aliwahi kuwa na mbuzi yake mwenyewe. Nyumbani kwa mama, Pangani ya huku huku kwetu, tunatumia ya kununua sokoni. Hilo nisingeweza kulitunga.

Nimeshika simu nimpigie mama mkubwa, anayeishi kwenye nyumba ya Bibi, akachungulie uvunguni. Nimeiweka chini. Nikiulizia kwanza, mama atasema nimeambiwa huko huko. Bora nimwambie kesho asubuhi kabla mtu yeyote hajaangalia, kuanzia salamu za uongo mpaka ile sifuri, kisha twende Kisarawe ainame mwenyewe.

Nimeamua, na naogopa. Siku ya msiba wapishi walizunguka wakikusanya vyombo. Nakumbuka mbuzi za nazi zimepangwa uani kama kumi hivi, na jioni kila mwanamke akaondoka na aliyodhani ni yake.

Chumbani kwa Bibi, waliingia?